Nina sapu ya takwimu, nimepima pakiti 10 za dagaa ili nijifunze jaribio la t. Nikagueni

Kijana wa Nyegezi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nipo chuo kimoja hapa Mwanza, mwaka wa kwanza, na takwimu imenitupa kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Kinachoniuma ni kwamba hesabu nilipata. Nilipokwenda kuiona karatasi yangu nikakuta mkokotoo wote umepigwa vema, halafu sentensi ya mwisho imekatwa kwa wino mwekundu, swali baada ya swali. Mahali pamoja niliandika "nadharia tete sifuri imethibitishwa kuwa ni kweli". Pengine "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani upo hapa kati". Madesa yote tuliyorithi kwa kaka zetu yanasema hivyohivyo.

Nimechoka kukariri. Halafu maswali ya mitihani ya nyuma yote ni balbu na betri za kiwandani, vitu ambavyo sijawahi kushika mizani nikavipima. Hapa ninapoishi kuna dagaa wakavu wa kufungashwa, pakiti zimeandikwa gramu 250. Jana usiku nikachukua mizani ya jikoni nikapima kumi:

246, 251, 243, 248, 252, 244, 247, 249, 241, 249

Nilichofanya:

H0 (nadharia tete sifuri, dai linalojaribiwa): wastani wa sampuli = 250. H1 (dai mbadala): wastani wa sampuli ni pungufu ya 250.

Jumla 2,470, wastani 247. Tofauti za kila pakiti na wastani nimezipiga mraba nikajumlisha, 112. Nikagawa kwa 9, nikatafuta kipeuo, mkengeuko sanifu (jinsi pakiti zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 3.53. Kosa sanifu (jinsi wastani wenyewe unavyoweza kuyumba toka sampuli hadi sampuli) ni 3.53 kugawa kwa kipeuo cha 10, yaani 1.116. Kwa hiyo t = (247 − 250) / 1.116 = −2.69.

Jedwali la t, mkia mmoja (upande wa pungufu tu), digrii za uhuru 9 (pakiti 10 kutoa 1), ni 1.833. 2.69 imezidi hapo, nimeikataa H0.

Masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka ya kukadiria wastani: 247 ± 1.96 × 1.116, yaani 244.81 hadi 249.19.

Hitimisho: dagaa wanapunjwa kwa asilimia 95.

Sapu ni Jumatatu. Nipigeni tu, nimekuja nikijua nitapigwa.

---

Ngosha wa Igoma

Mkuu, pakiti kumi za dagaa mezani na bado unakaa kupiga hesabu? Wengine tungeshasonga ugali.

"Wanapunjwa kwa asilimia 95" maana yake pakiti ina gramu 12 na nusu. Huyo mfanyabiashara angeshachomwa na tairi.

---

Mzee wa Chaki

Marahaba kijana. Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla sijarudi kulima mpunga Magu, na ninakuambia mtoto anayepima dagaa usiku hafeli mara mbili. Ila una makosa manne. Nitayataja kwa mpangilio wa uzito wake, usiombe nafuu.

La kwanza ni H0 yako. Umeandika "wastani wa sampuli = 250". Wastani wa sampuli unaujua, ni 247, umeupima mwenyewe kwa mikono yako. Mtu hafanyi jaribio kuhusu kitu kilichopo mezani. Nadharia tete inahusu usichokiona: wastani wa pakiti ZOTE zinazotoka kwenye ile meza ya kufungashia, zilizouzwa na zitakazofungashwa kesho. Huo tunaupa herufi ya Kigiriki, myu. Andika H0: myu = 250. Msahihishaji akiona alama ya wastani wa sampuli ndani ya H0 anajua hapohapo kwamba hujui unauliza nini.

La pili ni mkia. Kwa nini umechukua mkia mmoja? Usinijibu "kwa sababu nimeona 247". Hapo ndipo ulipoiba. Ukishaona samaki wameelekea upande gani ndipo uchague pa kutega, hiyo si bahati nasibu tena. Mkia unachaguliwa kabla ya kuwasha mizani. Pakiti inaweza kupunjwa na inaweza kuwa lumbesa. Kama hukuwa na sababu ya awali ya kujali upande mmoja tu, chukua mikia miwili. Kwa digrii 9 jedwali linasema 2.262. Wewe una 2.69, bado unaikataa H0, lakini sasa umeikataa kihalali.

La tatu, 1.96. Hiyo ni ya mtu anayejua mkengeuko wa kundi zima, au mwenye sampuli kubwa. Wewe una pakiti 10 na mkengeuko umeukadiria kutoka kwenye pakiti hizohizo. Kuna jamaa aliitwa William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyehangaika na tatizo lako hilihili: vipimo vichache, mkengeuko haujulikani. Mwaka 1908 akachapisha ufumbuzi kwa jina la kujificha, "Student", yaani mwanafunzi. Jedwali la t unaloshika ni kazi ya mtu aliyejiita mwanafunzi, na wewe mwanafunzi unalikwepa! Kwenye jaribio umetumia t, kwenye masafa umerukia 1.96. Chagua moja. 247 ± 2.262 × 1.116 ni 247 ± 2.52, yaani 244.48 hadi 249.52.

Angalia sasa: 250 haimo ndani ya masafa, na jaribio la mikia miwili limeikataa 250. Si bahati. Ni hesabu moja imevaa kanzu mbili. Ukipata jaribio linakataa huku masafa yanaibeba ile namba, ujue umekosea mahali. Huo ni ukaguzi wa bure ndani ya chumba cha mtihani.

La nne ni sentensi ya mwisho, nitairudia baada ya swala.

---

Kijana wa Nyegezi

Mzee asante sana. Hilo la mkia naungama, niliona 247 kwanza. Nasubiri la nne maana ndilo lililonipeleka sapu.

---

Mzee wa Chaki

Nimerudi.

Sentensi ya mwisho inategemea p, ile namba ya uwezekano inayotokana na t yako. p inajibu swali moja dogo: TUSEME myu kweli ni 250, je, sampuli ya pakiti kumi ingeangukia mbali na 250 kiasi hiki au zaidi, kwa bahati tu, mara ngapi? Kwako jibu ni kama mara 25 katika 1,000. Basi. Haisemi uwezekano kwamba H0 ni kweli. Haisemi dagaa wamepungua kwa kiasi gani.

Kwa hiyo andika hivi: "Kwa kiwango cha 0.05, vipimo vinatoa ushahidi wa kutosha kwamba wastani wa uzito wa pakiti si gramu 250. Unakadiriwa kuwa kati ya 244.5 na 249.5." Umetaja kiwango (mara 5 katika 100 unazokubali kuikataa H0 kimakosa ikiwa ni kweli), umetaja kundi zima, umetaja gramu. Na siku t ikiwa ndogo, andika "hakuna ushahidi wa kutosha wa kuikataa H0". Kamwe usiandike imethibitishwa. Ukipita Kirumba usiku usimwone paka, hujathibitisha Kirumba haina paka.

Sasa hiyo asilimia 95. Jerzy Neyman, aliyeiweka sawa mada hii mwaka 1937, alisisitiza kwamba asilimia ni ya NJIA, si ya masafa yako haya mawili-matatu uliyoyaandika. Myu imetulia mahali pake kama jiwe la Bismarck, haichezi. Kinachotupwa ni wavu. Ukiutupa mara mia, kwa sampuli mpya kila mara, kama mara 95 utaifunika. Wavu ulioutupa jana ama umefunika ama umekosa, na hakuna anayejua.

---

Mama Mwaloni

Mwanangu kumbe ndio wewe uliyekuwa unapekua pakiti zangu saa tano usiku. Nimeletewa huu uzi na binti wa duka la jirani, anacheka mpaka analia.

Na wewe mzee, samaki gani huyo anayetulia ukatupa wavu? Sisi dagaa tunawavua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali watu wanalala, wanashona nyavu.

---

Ngosha wa Igoma

Mleta mada kakamatwa na mama mdogo mubashara 😂😂 Hii p yake ni ngapi?

---

Kijana wa Nyegezi

Shikamoo mama mdogo. Nilizirudisha zote.

---

Dada wa Maabara

Mama Mwaloni ametania lakini ameligusa jambo ambalo vitabu vinalipita mbio. Mwanafunzi akija mwaloni kuhesabu mavuno wakati wa giza tu, halafu aseme "wastani wa boti kwa usiku ni kilo kadhaa", wastani huo ni wa usiku wa giza. t yake inaweza kuwa nzuri kama nini, haitamwambia kwamba kaacha nusu ya mwezi. Mdogo wangu, zile pakiti kumi ulizichukuaje? Za juu ya rafu? Za mfungashaji mmoja? Za siku moja? Sampuli iwe ya kubahatisha, si ya kufikia mkono.

La pili: gramu 3 ni kubwa au ndogo? Hilo jaribio halijibu, anajibu mwenye biashara. Gramu 3 kwa mnunuzi wa pakiti moja ni dagaa wachache. Kwa pakiti 2,000 ni kilo 6. Ndiyo maana mimi kazini napenda masafa kuliko p tupu. Masafa yanakuonyesha upungufu unaweza kuwa nusu gramu au gramu tano na nusu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mtu wa dukani.

Kwa kuwa wengi hapa ni wa Mwanza, mfano mzuri kuliko balbu tunao nyumbani. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa mkoani kwetu: jamii 12 zilizogawanywa katika jozi 6. Kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, nyingine ikasubiri. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 48 kati ya watu 4,149 upande ulioboreshewa, na 82 kati ya 4,400 upande wa pili. Asilimia 1.2 dhidi ya 1.9. Baada ya marekebisho uwiano wa maambukizi, upande ulioboreshewa kwa upande wa pili, ulikuwa 0.58, masafa ya asilimia 95 kuanzia 0.42 hadi 0.79, p 0.007.

Soma uwiano kwa utulivu. Hapa namba ya "hakuna tofauti" si sifuri, ni 1. Masafa hayaibebi 1, kwa hiyo H0 inakataliwa.

Halafu vuka ziwa. Mwaka 1999 watafiti wa Rakai, Uganda, walitoa matokeo yao: wao waliwatibu watu kwa wingi, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi 10. Uwiano 0.97, masafa 0.81 hadi 1.16. Hayo yanaibeba 1. Mwanafunzi wa madesa ataandika "Rakai imethibitisha matibabu hayasaidii". Hapana. Rakai walipima kitu tofauti na cha Mwanza: huku huduma ilikuwepo kituoni kila siku kwa mwenye dalili, kule dawa zilikuja kwa mizunguko, na janga lenyewe kule lilikuwa la zamani zaidi. Watu wamebishana miaka kuhusu tofauti hiyo, na mabishano hayakuhusu jedwali la t hata kidogo.

---

Fundi Mizani

Nyote mnaandika aya ndefu lakini hakuna aliyeuliza swali la fundi. Hiyo mizani ya jikoni uliikagua?

Nina karakana ya mizani Igogo. Kila wiki naletewa mizani inayosoma pungufu au zaidi na mwenyewe anaapa ni mpya. Chukua jiwe la mizani la gramu 500 na la 200, yapime yote mawili. Usipime moja. Likiwa moja hutajua kama mizani inakula kiasi kilekile kila mara au inakula kulingana na mzigo.

---

Visoda

Wakati tunasubiri mawe, nimwambie mleta mada zoezi lililonitoa mimi gizani.

Tulikuwa kikundi cha watu 20, tunasomea chini ya mwembe. Tukaokota vizibo vya soda 500, vyekundu 200 na vya rangi nyingine 300, tukamwaga kwenye ndoo. Ukweli tunaujua: 0.40. Kila mmoja anakoroga, anachota 50, anahesabu vyekundu, anaandika masafa yake, anarudisha, anampa mwenzake ndoo. Mimi nilipata 18, yaani 0.36. Kosa sanifu ni kipeuo cha (0.36 × 0.64 / 50), takriban 0.068. Zidisha 1.96 unapata 0.133. Masafa yangu 0.227 hadi 0.493. Nimeifunika 0.40.

Tulipoyachora yote 20 ubaoni kwa mistari ya chaki, mistari 18 ilikatiza 0.40 na miwili ikapita pembeni. Jamaa mmoja aliyekosa akataka kurudia, eti kachota vibaya. Hakuchota vibaya! Mkono wake ulikuwa sawa na wa kwetu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyekosa hana namna ya kujijua. Sisi tulijua kwa sababu tulihesabu vizibo kabla.

Halafu mwingine akauliza: mbona wamekosa wawili na tuliahidiwa mmoja katika ishirini? Tukapiga hesabu. Katika watu 20, kukosa wawili au zaidi hutokea kama mara 26 katika 100. Kawaida kabisa.

---

Mzee wa Chaki

Zoezi zuri. Ila mmechota 50 kwa mkupuo kutoka 500 bila kurudisha kimoja kimoja, kwa hiyo masafa yenu yalikuwa mapana kidogo kuliko yanavyohitajika. Haliharibu somo.

---

Visoda

Nilijua mzee utakuja na hilo 😄

---

Kijana wa Nyegezi

Nimetoka dukani kwa jirani na mawe. Jiwe la 500 limesoma 498. La 200 limesoma 198. Nimerudia mara tatu, hivyohivyo.

Kwa hiyo mizani inakula gramu 2 kila mara. Nimeongeza 2 kwenye kila pakiti. Wastani sasa 249, mkengeuko haujabadilika (niliukokotoa upya, mpaka nilipoona tofauti na wastani ni zilezile ndipo nikajicheka). t = −1 / 1.116 = −0.90. p kama 0.39. Masafa 246.48 hadi 251.52, yanaibeba 250.

Hitimisho: kwa kiwango cha 0.05 hakuna ushahidi wa kutosha kwamba wastani wa uzito wa pakiti si gramu 250. Mzee nimeandika vizuri?

Mama mdogo umesafishwa.

---

Fundi Mizani

Ndiyo hiyo. Jedwali halina jicho la kuona mizani mbovu. Ungepima pakiti 1,000 kwa mizani ileile ungepata masafa membamba kama uzi, na yote yamesimama gramu mbili pembeni.

---

Mama Mwaloni

Ngojeni kwanza. Mwanangu, mfuko uliutoa?

Pale nje nimeandika uzito wa dagaa, si uzito wa dagaa na nailoni. Ile mifuko nanunua kwa kilo, na kilo moja inatoka mifuko 500.

---

Ngosha wa Igoma

Mungu wangu. 1,000 gawa kwa 500. Gramu MBILI.

---

Dada wa Maabara

Nimecheka kwa sauti ofisini. Kwa hiyo mizani ilikuwa inapunguza 2 na mfuko unaongeza 2, makosa mawili yakafutana, na dagaa wenyewe ni 247 kama alivyoandika siku ya kwanza. t inarudi −2.69, masafa yanarudi 244.48 hadi 249.52.

Jibu lilikuwa sahihi kwa bahati, mdogo wangu. Usijipongeze.

---

Mama Mwaloni

Sasa naelewa. Sisi hatufungashi kwa mizani, tunafungasha kwa kopo, unajaza unasawazisha kwa kiganja. Tulipima kopo hilo siku moja tu, dagaa wakiwa bado na unyevu kidogo. Wakikauka vizuri kopo lilelile ni jepesi. Kesho naongeza vidole viwili juu ya kopo, sitaki watu wa vipimo mlangoni.

Lakini hao pakiti kumi wanatosha kunihukumu? Nauliza kweli.

---

Dada wa Maabara

Mama, wanatosha kukushtua, hawatoshi kukuambia upungufu ni kiasi gani hasa. Ukitaka kukadiria kwa kupishana gramu 1 tu juu na chini, kwa mkengeuko huu wa 3.53, unahitaji pakiti kama 48. Na ukitaka wavu uwe nusu ya upana, si pakiti mara mbili, ni mara nne. Kile kipeuo pale chini ndicho kinachokula.

---

Mama Mwaloni

48? Atanifungulia duka zima huyu.

---

Mvuvi Mstaarabu

Mimi nataka kuleta la mwaloni kwetu, maana kuna ugomvi. Mnunuzi wa sangara anapima kwa mizani yake, sisi tunapima kwa yetu. Matenga 6, kila tenga limepimwa pande zote mbili. Yetu kutoa yake, kwa kilo: 0.4, 0.1, 0.6, 0.3, −0.1, 0.5. Matenga yenyewe ni kati ya kilo 38 na 61. Kijana wangu wa chuo kafanya jaribio la sampuli mbili akasema hakuna tofauti. Moyo unakataa.

---

Kijana wa Nyegezi

Hili naomba nijibu mimi, tafadhali, mnisahihishe.

Kaka, hizo si sampuli mbili, ni jozi. Tenga ni lilelile. Ukizitenganisha, tofauti ya tenga la kilo 38 na la 61 inaimeza hiyo nusu kilo. Chukua tofauti sita tu, zifanye ndiyo vipimo vyako. Wastani 0.3. Mkengeuko 0.261. Kosa sanifu 0.1065. t = 2.82. Digrii za uhuru ni 5 (jozi, si matenga 12!), mikia miwili, jedwali 2.571. H0 inakataliwa. Masafa: kilo 0.03 hadi 0.57 kwa tenga.

Kwa kiwango cha 0.05 kuna ushahidi kwamba mizani mbili hazisomi sawa. Ipi ndiyo mbovu, hii hesabu haijui. Mwite Fundi na mawe yake.

---

Mzee wa Chaki

Vema! Na jozi 6 ndizo zilezile za utafiti aliouleta Dada wa Maabara. Walijua kwa nini wanazipanga kwa jozi.

---

Ngosha wa Igoma

Mimi nina kesi pia. Shemeji yangu wa Ukerewe anajidai akionja tu anajua dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa chanjani. Nifanyeje?

---

Mzee wa Chaki

Kesi hiyo ina babu yake. Uingereza, kituo cha kilimo cha Rothamsted, mwanamama Muriel Bristol alidai anajua kama maziwa yametangulia chai au chai imetangulia maziwa. Mwanatakwimu Ronald Fisher akapanga vikombe 8, vinne vinne, vimechanganywa. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70. Kuotea vyote ni 1 katika 70, kama 0.014. Fanya hivyohivyo kwa sahani 8 za dagaa. Ila waoshe vizuri wote, mchanga ukimgusa jino umempa jibu.

---

Ngosha wa Igoma

Ripoti: jana jioni, sahani 8. Kapata 3 kati ya 4.

---

Visoda

Kupata 3 au zaidi kwa kuotea ni 17 katika 70, yaani 0.243. Haitoshi. Lakini usimwambie umethibitisha hajui kitu.

---

Ngosha wa Igoma

Nimeshamwambia. Hatuongei.

---

Mama Mwaloni

Mwanangu, swali la mwisho kabla hujalala. Pakiti ya 241 nimeikuta imebanwa kwa kibanio cha nguo. Nani aliifungua?

---

Kijana wa Nyegezi

Mama mdogo naomba radhi. Ilikuwa usiku, ugali ulikuwa umebaki, mboga imeisha. Nilichota kidogo kabla wazo la kupima halijanijia.

Wakuu, hiyo pakiti siyo ya kundi tena, naiondoa. Zimebaki 9. Wastani 247.67. Jumla ya miraba imeshuka kutoka 112 hadi 72, gawa kwa 8 ni 9, mkengeuko 3 kamili, kosa sanifu 1 kamili. t = −2.33. Jedwali kwa digrii 8 ni 2.306. Masafa 245.36 hadi 249.97.

Bado tunaikataa H0, kwa unywele.

---

Mzee wa Chaki

Andika matokeo yote mawili, yenye 241 na yasiyo nayo, na useme kwa nini umeiondoa. Kibanio cha nguo ni sababu inayokubalika.

---

Mama Mwaloni

Jumatatu ukitoka kwenye mtihani pitia dukani, kuna pakiti za kufungasha upya. Na mizani iache nyumbani.